Kahawa Niliyokunywa Kabla ya Kuonyeshwa Moto

Mbuzi wawili, jogoo mmoja, vitenge vitatu, mfuko mzima wa chumvi, na suruali moja ambayo hata fundi wetu wa hapa Kolwezi ameikataa. Hiyo ndiyo gharama ya safari yangu ya Musumba. Nimeihesabu mara mbili, mara ya pili nikitumaini nilikosea ya kwanza. Nauli siiweki humo, kwa sababu nauli nilijua ninalipia nini.

Mmeniuliza sana, ninyi wa sokoni na ninyi wa kwaya, ilikuwaje mtu aliyeondoka na maneno mengi kwenda kuposa arudi amenyamaza. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku wateja wananiangalia. Nimeandika mara moja. Aliyesoma ampe mwenzake.

Kwanza mkumbuke hali ilivyokuwa. Rosette, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amenikubali. Wajomba zake wa Musumba walikuwa hawajanikubali. Habari zilikuwa zimewafikia kwamba mimi, muuza vipuri vya pikipiki, hubishania bei hata ya kiberiti, nao wakasema mtu wa namna hiyo atamnunua binti yao kama fungu la vitunguu. Neno la mwisho lilikuwa la mama yake. Akisema nafaa, nafaa. Akisema nina dharau, ningeweza kuleta ng'ombe na nikarudi naye.

Na dharau mnajua inavyopimwa. Mpaka watu wa mke wakuonyeshe moto, yaani wakupikie rasmi na kukufungulia jiko lao, mama mkwe humtazami usoni, humsemeshi, huli mbele yake, na hasa huli chakula kilichotoka mkononi mwake. Kila kosa lina faini yake, na hilo la mwisho laweza kuvunja kikao. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja: kufika kwenye kikao cha Jumamosi bila kumkosea mwanamke ambaye, kwa hesabu zangu, alikuwa Musumba akinisubiri.

Kolwezi hadi Mutshatsha: juu ya viloba

Mjomba wangu, msemaji wetu, alikuwa ametangulia kwa pikipiki pamoja na Rosette na kaka yake. Mimi nilibaki kumaliza biashara, halafu nikatafuta lori. Nililipata limebeba saruji, chumvi na sabuni, na juu ya viloba hivyo abiria wa kawaida na kuku wao. Dereva wake, Tata Mutombo, ni mtu wa asili ya Kasai ambaye babu yake aliletwa huku kuchimba shaba, yeye mwenyewe akaapa hataingia shimoni hata akilipwa. Tumbo lake linagusa usukani. Anasema linamsaidia kwenye kona.

Nilibishana naye nafasi ya kabini asubuhi nzima, nikaipata kwa bei ambayo ningeweza kujisifia. Nikafungua mlango nikiwa mshindi. Dirishani alikaa mama mmoja mwenye kikapu mapajani. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye simu ya Rosette, na bila shaka naye alikuwa ameniona huko huko, kwa sababu alivuta kitenge chake mpaka kwenye nyusi na kugeukia kioo. Mama Rosette alikuwa amekuja Kolwezi kutibiwa macho. Hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Nilifunga mlango taratibu, kama mtu aliyekosea choo, nikazunguka upande wa pili. Nilimweleza Tata Mutombo mambo yalivyo na kumwomba anirudishie tofauti kati ya bei ya kabini na bei ya juu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa huruma kabisa.

"Mukwe," alisema, "we utapanda juu. Bei itabakia chini."

Hivyo nilitoka Kolwezi nimekaa juu ya sabuni kwa bei ya kabini. Malori ya shaba yalikuwa yanakuja upande wetu yakielekea mpakani, yakitumwagia vumbi. Sisi tulikuwa tunakwenda magharibi, ambako barabara haina haraka na mtu. Mbele kidogo tulikuta kizuizi cha mnyororo. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kwenye matanga. Tulingoja.

Hapo ndipo harufu ilipotufikia. Ilitoka kwenye dirisha la kabini, ikapanda ubavuni mwa lori, ikaenea juu ya viloba mpaka watu wakaacha kuzungumza. Kahawa. Si ile ya unga wa kopo yenye ladha ya dawa ya kikohozi. Kahawa ya buni, iliyokaangwa na kutwangwa. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliniambia kwamba hakuna anayejisumbua kuomba, kahawa ya Tata Mutombo ni ya kabini tu. Nikamjibu kwamba mimi, kwa pesa, niko kabini.

Nililala kifudifudi nikaning'iniza kichwa upande wa dereva na kudai haki yangu. Ilichukua muda, lakini mfuniko wa chupa ya chai ulipanda umejaa. Nusu niliipokea, nusu iliingia kwenye suruali, na ndiyo mwanzo wa msiba wa suruali ile. Kisha nikajificha nyuma ya katoni za sabuni, nikainywa nikitazama nyuma tulikotoka, ili Mama asije akageuka akaniona nikimeza. Abiria walicheka. Wengi wao walikuwa na wakwe, hawakuuliza sababu.

Mutshatsha hadi Kasaji: nyuma ya pazia

Mutshatsha tulikutana na mvua, na ilikuwa kama imetusubiri sisi. Wenzangu walijifunika turubai. Mimi sikuwa na mahali pangu chini ya turubai, maana mahali pangu palikuwa kabini. Tata Mutombo alisimamisha lori, akazungumza na Mama, kisha akanipigia kelele nishuke. Mama alikuwa ametuma neno kwamba mtoto aingie. Akifa kwa baridi, wajomba watasema yeye ndiye aliyemuua ili kumaliza shauri.

Alitoa kitenge kutoka kwenye kikapu, Tata Mutombo akakifunga ncha moja juu ya kioo na nyingine kwenye kiti. Likawa pazia. Upande mmoja Mama na dirisha, upande wa pili mimi katikati, magoti yamebana gia, na kati ya miguu yangu jiko la ile kahawa.

Jiko lenyewe ni resho ya gazi, ndogo, imefungwa kwa mpira wa tairi kwenye sakafu ya kabini ili isianguke. Tata Mutombo hapiki lori likiwa linakwenda. Akisimama huweka sufuria ya maji, na yakianza kuimba anatia vijiko vinne vya buni iliyotwangwa, anaiacha ipande mpaka ukingoni, anainua, inashuka, anarudisha, mara tatu. Halafu matone machache ya maji baridi ili machicha yalale. Kisha anasali. Nimemwona akisalia ugali wa bukari kwa pumzi moja, lakini kahawa aliisalia mpaka akataja ndugu zake wote wa Mbuji-Mayi.

Kazi yangu ilikuwa kushika sufuria kwa kitambaa, na ikiwa tayari, kutoka mvuani kunywa kikombe changu nyuma ya gurudumu.

Shida ilikuwa mazungumzo. Mimi na Mama tulitenganishwa na kitambaa, nasikia anavyopumua, lakini kila neno lilipaswa kupitia kwa dereva, na dereva huyu hakuwa mkalimani mwaminifu. Nilimwomba amuulize Mama kama anasikia baridi. Akageuza kichwa kuelekea pazia na kumwambia kwa sauti ya heshima kwamba mukwe wake anauliza anapenda vitenge vya rangi gani. Sauti ikajibu kwamba bluu si mbaya, na ya kijani pia, na kwa ajili ya shangazi wa Rosette, nyekundu.

Nilimkanyaga mguu. Akanikanyaga na mimi. Hivyo ndivyo vitenge vitatu vilivyoingia kwenye hesabu, kabla hata hatujafika Kasaji.

Kasaji: sukari

Kasaji tairi lilikufa, na ziraba, kiraka cha kulibandika, ilibidi itafutwe kwa baiskeli. Nilishukuru. Nilikuwa sijala chochote cha maana kwa kuogopa kutafuna jirani na pazia, nikaenda nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli na kumaliza sahani ya bukari na sombe ya majani ya muhogo nikiwa nimeuelekea ukuta. Mwenye chakula aliuliza kama nimefiwa.

Tata Mutombo alikuwa amenituma sukari. Nilichagua meza ya kwanza sokoni, nikaanza. Nilisema ina unyevu, mama muuzaji akasema unyevu ni uzito, nikasema silipii maji, akasema basi nimpelekee Mungu malalamiko kwa sababu mvua ni yake. Nilishusha bei karibu nusu. Nilirudi kwenye lori nimebeba sukari kwa mikono miwili, nikajua Mama ameona kila kitu dirishani, nikakumbuka maneno ya wajomba kuhusu vitunguu. Moyo ulishuka kuliko bei.

Nilipoingia, pazia lilimnong'oneza dereva kwa muda. Safari hii alitafsiri bila kuongeza, nadhani kwa mshangao.

"Mama anasema uliumia. Pale meza ya tatu wanauza bei ndogo kuliko ile. Anasema ulianza kusema bei, soko haujaizunguka."

Nilishuka kusaidia kufunga tairi. Katika maisha yangu ya biashara nimeambiwa mambo mengi, lakini haijapata kutokea nikaambiwa sikubishana vya kutosha.

Kabla ya Sandoa: matope

Kati ya Kasaji na Sandoa barabara inapita bondeni, na bondeni lori likakaa. Halikukwama, lilikaa, kama mtu aliyefika kwake. Tulichimba mpaka giza bila kitu, wanaume wakalala juu ya viloba, mimi chini ya lori, Mama kabini peke yake. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Kama tusingetoka siku hiyo, kikao kingeanza bila mimi na bila Mama, na wajomba wangekuwa na uwanja wote.

Kulipokucha nilichota maji kijitoni, nikaweka ndoo kwenye ngazi ya kabini kama kila siku, nikaingia tena chini ya lori na koleo. Tulikuwa tunapanga matawi chini ya magurudumu. Baada ya muda mkono wa Tata Mutombo ukashuka na kikombe cha bati. Mimi nilikuwa nimelala chali kwenye tope, mama mkwe hanioni, sina haja hata ya kujificha. Nikanywa.

Jamani, kahawa ile. Haikuwa na machicha hata chembe. Ilikuwa na kitu kidogo kikali nyuma ya ulimi, tangawizi, na sukari imepimwa na mtu mwenye akili. Nikamwambia Tata Mutombo kwamba hatimaye amejifunza, na kwamba naomba kingine, na hicho cha pili kijazwe vizuri kwa sababu cha kwanza kilipungua kidole kimoja. Kikombe kikaenda, kikarudi kimejaa mpaka juu. Nikamaliza chote.

Kisha nikatoka. Tata Mutombo alikuwa ameketi kwenye ngazi amejifunika jaketi mbili, meno yanagongana, malaria imemshika tangu alfajiri. Mtu yule hakuweza kushika kijiko. Kikombe tu alikipitisha, na hata hicho kilikuwa kinamcheza mkononi.

Nikatazama kabini. Pazia halikuwepo. Lilikuwa limefungwa kiunoni mwa Mama Rosette, naye alikuwa amenipa mgongo, anasuuza sufuria kwa maji yangu, taratibu.

"Tata," nilisema, "niambie ni wewe."

"Mi niko mugonjwa," akasema. "Mugonjwa hapike."

Sandoa kwenda Kapanga: hoja

Lori lilitoka mchana. Tata Mutombo alimeza dawa Sandoa, akalala kidogo, akashika usukani, na kwa kuwa alikuwa amepata nafuu, akaanza kunifurahia. Pazia lilikuwa limerudi mahali pake. Tulizungumza kwa sauti ya chini, ambayo kabini kule haipo.

Nilimweleza kwamba hakuna kosa. Kahawa si chakula, hailiwi. Zaidi ya hapo, buni ilikuwa ya nani? Yake. Gazi? Yake. Kikombe? Chake. Hata maji niliyachota mimi. Mama alikoroga tu, na kukoroga si kupika. Kwa hiyo nilikunywa kahawa ya dereva kutoka kwenye jiko la dereva, na faini haipo.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akaniuliza kama nina hakika nataka kushinda shauri hilo. Kwa sababu, alisema, Mama alijua nani yuko chini ya lori. Kama amekupikia akijua, amekuonyesha moto, mkwe umeshakuwa, wajomba waseme watakalo. Ukisema ile haikuwa kahawa yake, umemrudishia sufuria yake usoni.

Nikaanza upya: basi ni chakula, kimepikwa naye, moto nimeonyeshwa. Akauliza je, kama hakujua? Kama alipika kwa ajili ya mgonjwa, nami nikala cha wakwe kama mwizi, nikaomba na cha pili?

Nimeuza na kununua tangu utotoni, na siku zote nimejua niko upande gani wa meza. Siku hiyo sikujua kama mimi ndiye ninayeuza au ninayenunua. Mtu mmoja tu alikuwa na jibu, alikuwa karibu kiasi kwamba kiwiko changu kilimgusa lori likiruka, na nilikatazwa kumuuliza. Nilimwomba Tata Mutombo aulize. Akasema hapana, mambo mengine anatafsiri, haya anaogopa.

Musumba

Tulipita Kapanga, tukafika Musumba Jumamosi watu wamekwisha kukaa. Sebule ya mjomba mkubwa wa Rosette ilijaa viti vya plastiki. Wao upande huu, sisi upande ule, mjomba wangu mbele, mimi nyuma yake na matope yangu. Tulipiga makofi ya salamu. Rosette alichungulia kutoka chumba cha ndani, akaitazama suruali, akaondoka.

Mjomba mkubwa hakuzunguka. Alisema wamesikia kijana amesafiri pamoja na dada yao ndani ya motoka moja, na wangependa kujua kama njiani kulikuwa na heshima. Tata Mutombo aliitwa shahidi. Aliapa, akaeleza pazia, akaeleza gurudumu, akanisifu vizuri, halafu, kwa kuwa alikuwa ameapa, akaeleza vikombe viwili.

Mjomba mkubwa akasema, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwamba basi hakuna la kuzungumza. Mtu aliyekula kabla ya kuonyeshwa moto alipe faini yake na arudi alikotoka, barabara bado ipo. Mjomba wangu akanigeukia, nami sikuwa na hoja hata moja ya kumpa, mimi niliyeondoka Sandoa na hoja mbili.

Mama Rosette alikuwa amekaa mkekani pamoja na shangazi. Hakusimama.

"Mi njo nilipika," alisema. "Nilijua nani iko chini ya kamiyo. Ile tangawizi ilikuwa ndani ya kikapu yangu, haikuwa ya shofeli. Mutu hatie tangawizi bure."

Mjomba mkubwa akamuuliza kama anaelewa anachosema. Akajibu kwamba macho ndiyo yaliyokuwa yanaumwa, si kichwa. Akasema kijana amekaa njia nzima akijificha kumeza mate, amechota maji bila kutumwa, na sokoni anabishana vibaya lakini atafundishika.

Shangazi akapiga kigelegele. Ila mjomba mkubwa aliinua mkono. Sawa, alisema, moto umeonyeshwa. Lakini moto hauonyeshwi mikono mitupu. Siku ya moto mkwe huja na mbuzi wawili, jogoo, vitenge na chumvi, na huyu amekunywa kwanza. Navyo avilipe leo, vyote, kabla ya mahari kutajwa.

Nilijua mbuzi wa Musumba ni bei gani siku mtu anapomhitaji. Mdomo ukafunguka wenyewe, mbele ya msemaji wangu, mbele ya wote. Nilifika kwenye neno "lakini mbuzi mmoja" tu.

Ndipo Mama Rosette aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza, na kunisemesha mimi mwenyewe, bila dereva.

"Mutoto," akasema, "ulikunywa mara mbili. Haukuuliza bei."

Nililipa. Harusi ni baada ya mvua, mtapata habari. Ila kuna jambo moja ninalowaomba. Tata Mutombo amepita hapa Kolwezi mara mbili tangu nirudi, na kila mara anasimamisha lori mbele ya meza yangu na kuniambia mbele ya wateja kwamba buni ilikuwa yake, gazi yake, kikombe chake, Mama alikoroga tu na kutia tangawizi. Kwa hiyo mbuzi mmoja kati ya wale wawili ni wake. Hoja yote ameitoa kwangu, neno kwa neno, na sijui mtu anabishanaje na maneno yake mwenyewe. Ninyi mnaojua desturi, mwenye jiko ana haki ya mbuzi au hana? Nijibuni upesi. Amesema Alhamisi anapakia tena, na kwamba anapendelea jike.